Betri Ililala Donholm

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mama wa mtoto mmoja, na ninaishi Shauri Moyo. Wasomaji wenzangu, haya yalinipata mimi mwenyewe. Mpaka leo gari likinguruma nje, najikuta nimesimama kabla sijajua kwa nini.

Mume wangu alikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Mzungu aliyekuwa akirudi kwao alimwachia gari la spoti la zamani, viti viwili, halina paa. Jumapili tulienda nalo kanisani, Peris wetu mapajani mwangu, na mtaa mzima ukitutazama. Nilijiona malkia.

Kasoro yake ilikuwa chaji. Dainamo, ile inayochaji betri, ilikuwa imechoka. Ukiwasha taa tu, betri inaisha. Kwa hiyo Baba Peris hakuwahi kukutwa na giza njiani. Kila jioni aliifungua betri na kuileta ndani, maana mtaani ukiiacha nje, asubuhi huikuti. Ukimwona mwanamume akiingia nyumba na betri, unajua analala hapo. Mimi nilimshonea kipande cha turubai cha kuiwekea, asidi isiharibu sakafu.

Jioni moja Peris alibanwa na pumu. Gari liliguna, likanyamaza. Tulimbeba mbiombio kwa miguu hadi zahanati, akihema kwa shida... Mama gani angestahimili? Wiki ile ile niliuza cherehani yangu, iliyokuwa ikitulisha, tukanunua alternata, chaja ya kisasa yenye nguvu zaidi, kule Grogan kwenye vipuri vya magari. Baba Peris alishinda Jumamosi nzima chini ya boneti. Alitoa dainamo, akageuza nyaya za betri zilingane na chaja mpya, akafunga alternata. Taa zikawaka hadi nikafumba macho. Nilimkumbatia mbele ya majirani.

Mjinga mimi... nilikuwa nimemnunulia usiku.

Akaanza kuchelewa. Mara kazi ya ziada, mara amempeleka rafiki Thika, mara analala Nakuru. Nami sikutulia. Naosha sahani zilizokwisha oshwa, natoka mlangoni, narudi, natoka tena. Peris akiuliza, namwambia baba yuko kazini.

Kisha jirani yangu Mama Otieno, anayeuza mboga Donholm, akanijia.

"Mama Peris, si ulisema mzee ako Nakuru? Mbona jana jioni nimemwona Donholm akiingia kwa nyumba na betri?"

"Na betri?" nikamuuliza.

"Na betri. Imefungwa kwa ile turubai yako."

Gari nje ya nyumba ningeweza kulisamehe. Mtu huenda kutembea. Lakini betri?

Jioni hiyo nilienda hadi nyumba aliyonielekeza. Mwanamke mpole alinifungulia akanikaribisha, hakunijua. Baba Peris alikuwa mezani anakula, na betri iko chini ya meza. Aliniomba nisimtie aibu. Niliinama, nikaitwika betri kichwani juu ya turubai yangu, nikatoka nayo. Asidi ilinichoma bega, na kovu ninalo.

Nilidhani atanifuata. Nilikaa mlango wazi, kila kishindo kikinisimamisha. Alikuja asubuhi. Peris alimkimbilia, naye baba akamgusa kichwa tu, akanitazama.

"Betri iko wapi?"

Nilimwonyesha. Akaibeba pamoja na turubai, akaenda, na hakurudi kulala kwangu tena.

Sasa nashona kwa cherehani ya kuazima. Peris akibanwa, namfunga mgongoni na kutembea haraka, nikiomba Mungu njia nzima. Na gari lile hupita barabarani likiwa na taa kali... taa zangu!

Dada zangu, sisemi msiwasaidie waume zenu. Nawasihi tu, kabla hujauza kinachokulisha ili utengeneze cha mwingine, jiulize: siku mtoto atakapoishiwa pumzi, ufunguo wa gari utakuwa mfukoni mwa nani?