Mkongo Uliokatika Ipagala

Jumatatu asubuhi, Zablon alikuwa akichimba mtaro mbele ya nyumba yake Ipagala, jijini Dodoma. Alitaka kuvuta maji ya bomba hadi uani. Mkewe, Dorkasi, alikuwa akizoa udongo.

Saa nne, sululu ilikata bomba jembamba la plastiki. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyembamba kama nywele.

"Hilo si bomba la maji," Dorkasi alisema.

"Nyamaza! Watanifunga." Zablon akalifukia haraka.

Punde jirani yao, Nasra, alitoka nje akihema. Alikuwa na karakana ya kushona sare za shule.

"Dada Dorkasi, intaneti yangu imezimika! Zabuni ya sare inafungwa leo saa kumi, na inatumwa kwa mtandao tu. Nimejaribu kwa simu, mafaili mazito, yanagoma."

"Pole, jirani." Dorkasi hakuweza kumtazama usoni.

Ndani, alimwambia mumewe, "Baba Elieza, mafundi sita wanamtegemea yule mama."

"Na mimi nikifungwa, ninyi mtamtegemea nani?"

Dorkasi alivuka uwanja, akamweleza Nasra yote. Nasra alimkazia macho, kisha akachukua simu, akaipigia kampuni ya intaneti.

Saa sita akafika fundi, Castory.

"Shikamoo, mzee. Ni wapi?"

"Marahaba. Ni hapa." Zablon alionyesha pale alipofukia.

"Afadhali mmesema. Tungetafuta mpaka jioni. Huu ni mkongo wa mawasiliano. Nyuzi hizi ni za kioo, na taarifa hupita humo kwa mwanga. Ukikatika, maduka, ofisi na zahanati zote zinakosa mtandao. Ukifukia, udongo na maji vinaingia, uharibifu unazidi."

"Nitafungwa?"

"Utaitwa na kampuni utoe maelezo, mzee. Nitaandika kwamba mmesema wenyewe. Siku nyingine, kabla ya kuchimba, uliza ofisi ya mtaa mkongo umepita wapi. Ukikuta utepe wa onyo ardhini, simama. Ukikata, usifukie. Piga simu."

Castory aliunganisha uzi mmoja mmoja. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Nasra alikaa mbele ya kompyuta. Zablon alisimama mlangoni kwake, kofia mkononi.

Saa kumi kasoro dakika ishirini, Nasra alipiga kelele, "Mtandao umerudi!"

Zabuni ilipokelewa zikiwa zimebaki dakika nane.

Zablon aliitwa, akatoa maelezo, akaonywa. Wiki iliyofuata alianzia ofisi ya mtaa. Castory akaja, akachora mstari wa chokaa juu ya njia ya mkongo. Zablon akachimba hatua tatu pembeni, taratibu.

Siku hiyo Dorkasi alikwenda kwa Nasra mara tatu.

"Intaneti ipo?"

"Ipo."

"Bado ipo?"

Mara ya tatu Nasra alicheka. "Ipo, jirani. Chimbeni."

Jioni, maji yalitoka uani.