Ile "Ku" ni Nani?

Kila asubuhi Costancia hupepeta mchele mlangoni kwake, simu ikiwa mapajani. Majirani humwita Mama Yared. Ni mjane, anaishi kijiji cha Ulaya, wilayani Kilosa. Mwaka huu amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Sasa anasoma kila kitu: mfuko wa mbolea, tangazo la kanisani, hata maneno kwenye khanga za wenzake.

Siku moja mwanawe, Yared, alipiga simu kutoka Mikumi.

"Mama, Jumamosi nakuja kukuchukua. Utaishi huko peke yako mpaka lini?"

"Nitakujibu, mwanangu."

Hakutaka kuhama. Sababu ilikuwa Nikolaus, fundi baiskeli, naye alifiwa na mkewe. Kila siku ya gulio fundi huyu alijaza upepo baiskeli ya Costancia, hata kama magurudumu yamejaa. Walipendana, kila mtu aliona. Lakini fundi hakusema. Mtu mzima kabisa, mbele ya mama huyu anakuwa bubu!

Aliposikia habari za Mikumi, Nikolaus alishtuka. Akamfuata Godfrey, kijana wa bodaboda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka kumwandikia mtu kwamba nampenda."

Godfrey akacheka. "Hiyo ya kizamani, mzee! Siku hizi unaandika 'nimekuzimikia'. Halafu weka 'mwenzio hoi'. Hapo umemaliza kazi."

Fundi akaandika: "Mama Yared, nimekuzimikia. Mwenzio hoi. Naomba unijibu. Nikolaus."

Costancia alivaa miwani. Fundi hajawahi kumwandikia! Moyo ulimwenda mbio, na macho nayo yakaenda mbio. Akasoma, "Nime... zimi... a. Mwenzio hoi."

"Jamani, fundi kazimia!"

Alitupa ungo, mchele ukamwagika. Alichukua chupa ya maji ya sukari, akakimbia kumwita Upendo, mhudumu wa afya wa kijiji. Wote wawili wakaenda mbio kwa fundi.

Walimkuta anaziba pancha.

"Mbona umekaa? Lala chini!" alisema Costancia, machozi yakimtoka.

"Shikamoo, baba. Umezimia saa ngapi?" aliuliza Upendo.

"Marahaba. Mimi? Sijazimia."

"Si umeniandikia mwenyewe?" Costancia alimpa Upendo simu.

Upendo alisoma, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, kwanza aliyezimia hanyweshwi kitu, atapaliwa. Halafu, aliyezimia anaandikaje ujumbe?"

"Sasa ameandika nini?"

"Umeruka silabi. Soma tena, taratibu."

Costancia aliweka kidole. "Ni-me-ku-zi-mi-ki-a."

"Enhe. Darasani mmesoma nime-ku-ona, nime-ku-ita. Hiyo 'ku' ni nani?"

"Ni yule anayeambiwa." Costancia alirudisha kidole kwenye simu. "Ku ni mimi."

"Ndiyo, ni wewe. Hayo ni maneno ya vijana. Kumzimikia mtu ni kumpenda mpaka hujiwezi." Upendo akamgeukia fundi. "Na wewe, baba, samahani nikuambie. Maneno ya kijiweni ni matamu kwa wanaoyajua. Jambo zito mwambie mwenzio kwa maneno yake. Angehama huyu bila kuelewa, ungemlaumu nani?"

Nikolaus alifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa na aibu, lakini hofu ya kumkosa ilizidi.

"Costancia, nakupenda. Usiende Mikumi. Nataka tuoane."

Costancia alijifuta machozi. "Hayo nimeyaelewa yote. Nitakujibu Jumamosi, mwanangu akiwepo."

Jumamosi Yared alifika na gari la kubebea mizigo. Alimkuta fundi amevaa shati lililonyooshwa, pembeni yake mshenga.

"Mama, unasemaje?" aliuliza Yared.

Costancia alichukua simu, akaandika herufi moja moja. Watu wote walisubiri. Simu ya fundi ikalia.

Fundi alisoma kwa sauti, "Nimekukubali." Akasoma tena. "Mama Yared, hii 'ku' ni mimi?"

"Ni wewe," alisema Costancia.

Yared alicheka, akamkumbatia mama yake. Jioni gari lilirudi Mikumi na gunia moja la mchele. Mama alibaki Ulaya.