Kigae Hakishiki Juu ya Rangi

Asubuhi nyumbani kwa msusi ilianza bafuni. Mumewe alioga kwanza, kwa kuwa duka la mikate alikofanya kazi lilifunguliwa mapema. Akafuata mama mkwe, polepole, ameketi kwenye kiti cha plastiki kwa sababu magoti yalikuwa yamechoka. Msusi alioga mwisho, huku wateja wake wakimsubiri barazani na vichwa vyao.

Siku moja mama mkwe alikuwa bado na povu kichwani pale kigae kilipobanduka ukutani. Kilimpiga begani, kikavunjika sakafuni. Mama akapiga yowe. Msusi alipoingia alimkuta anatetemeka, damu inamchirizika mkononi.

Kidonda hakikuwa kikubwa. Lakini tangu siku hiyo mama mkwe alikataa kuingia bafuni. Alijifuta kwa kitambaa chumbani, beseni miguuni, kama mgonjwa. Hilo ndilo lililomchoma msusi.

Vigae vile vilibandikwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe. Watu walimwita Fasta, maana kila kazi aliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Alikuja na ndoo ya saruji, anapiga mluzi.

"Shemeji, usihangaike. Kimetoka kimoja tu. Nabandika sasa hivi, jioni mnaoga."

Msusi aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama debe tupu.

"Na hivi vingine vinasubiri kichwa cha nani?"

Mumewe akaingilia. "Mke wangu, mwache dogo afanye. Ni ndugu."

"Undugu haushiki kigae. Bafu hili haliguswi mpaka nijue kwa nini vinatoka."

Fasta akacheka. "Haya basi, usuke huo ukuta."

Msusi aliokota kipande cha kigae, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake, Bi Timazi. Mama huyu alikuwa amebandika vigae miaka mingi, na sasa aliuza vifaa vya ujenzi. Jina la Timazi, kile kipimo cha fundi cha kunyooshea ukuta, alipewa kwa sababu hakuvumilia kitu kilichopinda. Ukimkaribisha chai, ataanza kwa kunyoosha picha zako ukutani.

Bi Timazi alikigeuza kipande. "Umeona nyuma? Ameweka madonge ya saruji hapa na pale, kwingine patupu. Maji yakiingia humo yanakaa. Na hili gamba la buluu ni nini?"

"Rangi ya zamani ya ukuta."

"Basi kigae kilishika rangi, na rangi haikushika ukuta. Vikaanguka pamoja."

"Nifundishe, mama."

"Ni kazi ya subira, mwanangu. Utaweza?"

"Nasuka kutwa nzima na mstari haupindi. Tena ukuta hautikisi kichwa, wala hausemi unaumia."

Bi Timazi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafunga duka.

Walibandua vigae vyote kwa tindo na nyundo. Nyuma yake wakakuta kiungo cha bomba kinavuja polepole, plasta imelowa. Fundi bomba akabadilisha kiungo. Msusi akakwangua rangi yote, akabomoa plasta iliyolegea, wakapiga mpya. Kisha wakaiacha ikauke.

"Tunabandika lini?" mumewe aliuliza.

"Ukuta ukikauka."

Majirani walinong'ona kwamba msusi amebomoa nyumba ya watu. Fasta alipita kila mara kuchungulia. "Bado mnautazama ukuta?"

"Bado," msusi alijibu bila kugeuka. "Na wewe ukiingia, futa viatu."

Ukuta ulipokauka, walipaka dawa ya kuzuia maji, mkono wa kwanza na wa pili. Kwenye pembe wakabandika utepe maalumu, kwa sababu maji hupenda kupenya hapo. Dawa ilipokauka, Bi Timazi alitumia pimamaji kulaza ubao ulionyooka sakafuni kando ya ukuta, ili safu ya kwanza ikae juu yake bila kuteleza.

"Sasa gundi ya vigae," alisema, akimpa mwiko wenye meno. "Paka eneo dogo tu. Gundi ikiota ngozi kabla hujabandika, kwangua utupe. Bonyeza kigae, kisha kisogeze kidogo huku na huku ili hewa itoke."

Msusi alibandika safu nzima, akiweka vipande vidogo vya plastiki katikati ili nafasi zilingane. Akarudi nyuma kujisifu.

"Toa hicho cha mwisho," Bi Timazi akasema.

"Kimepinda?"

"Hakijapinda. Tuone nyuma yake."

Gundi ilikuwa imeshika nusu tu. Msusi aliuma midomo. Alivitoa vyote, akavisafisha, akaanza upya. Safari hii alipaka gundi ukutani na nyuma ya kigae pia. Walipotoa kimoja kukagua, kilikuwa kimejaa gundi hadi kwenye pembe.

Kesho yake, gundi ilipokaza, walijaza grauti, saruji laini ya kuziba mianya, kwenye nafasi za vigae. Pale kuta zinapokutana waliweka silikoni, inayovutika. "Kuta husogea kidogo," Bi Timazi alieleza. "Grauti ni ngumu, hapo itapasuka." Kisha hakuna aliyeoga humo mpaka muda ulioandikwa kwenye mfuko wa grauti ukapita.

Mvua zilikuja, zikaondoka, zikarudi tena. Hakuna kigae kilichocheza. Mama mkwe alirudi bafuni, sasa yeye wa kwanza, akawa anakaa humo mpaka mwanawe anabisha hodi akilalamika kuwa anachelewa kazini.

Jumapili moja Fasta alikuja na habari. Mama yake mdogo, dada wa mama mkwe, alitaka kubandikiwa vigae bafuni.

"Nitamfanyia mimi," alisema. "Asubuhi naanza, mchana namaliza."

Mama mkwe aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, nakupenda. Lakini kwa dada yangu atakwenda mke wa kaka yako. Wewe utamchanganyia gundi."

Fasta alimtazama kaka yake amtetee. Kaka akamimina chai. Fasta akamgeukia msusi, sauti imepungua.

"Shemeji, tunaanza saa ngapi?"

"Kwanza tunakwangua rangi," msusi alisema. "Ukimaliza yote, ndipo tutazungumzia kuanza."