Laini Iliyobaki Wazi

Siku ya mwisho ya maonyesho ya kilimo Kericho, mwaka wa 1999, uwanja mzima ulikuwa tope. Bitutu alikuwa amevaa gauni la manjano lililomkaa vizuri kiunoni, na viatu vyeupe ambavyo alianza kuvijutia tangu langoni. Yeye na rafiki yake Drusilla walifanya kazi ya kupokea simu katika ofisi ya shamba moja la majani chai. Walikuwa wametoka kuangalia ng'ombe wa gredi walipoona watu wamesongamana mbele ya meza moja, wakicheka na kusukumana.

Nyuma ya meza alisimama kijana mrefu, shati la drafti, mikono ameikunja. Mbele yake kulikuwa na laptop nene kama tofali, na waya uliotoka humo ukaingia kwenye simu ya mkononi iliyopasuka uso.

"Vitufe vya hii simu vilikufa," alikuwa akieleza. "Mwenyewe aliimwagia chai, akaniambia nitupe. Sikutupa. Naipigia kwa kompyuta. Hii kompyuta inatumia mfumo wa Linux, na programu ya simu ni ya bure. Imeandikwa na watu ambao hata hawajaonana, kila mtu anaongeza kipande chake, na mimi pia naweza kuifungua nirekebishe. Nani ana namba nipige?"

"Uongo huo," Bitutu alisema, sauti ikapita za wengine.

Kijana alimtazama kuanzia gauni hadi viatu, akatabasamu. "Basi toa namba, madam."

Bitutu alitoa namba ya ofisini. Kijana aliiandika kwenye kibodi, akabonyeza, akampa ile simu mbovu aishike sikioni. Iliita. Kisha ikaja sauti ya Okello, askari aliyeachwa kushika simu siku hiyo.

"Okello, ni mimi Bitutu! Nakupigia na kompyuta!"

"Umekunywa nini huko maonyeshoni?" Okello akauliza.

Watu walicheka. Kijana akachukua simu yake taratibu, vidole vyao vikagusana. "Mimi ni Kipkurui. Sasa nina namba yako."

"Hiyo ni ya kampuni."

"Lakini wewe ndiye unaishika."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kipkurui alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na kompyuta sokoni, chini ya mashamba, na mnara mpya wa simu ulikuwa umesimamishwa kilimani juu yake. Kila alasiri, kazi ikipungua, laini ya nje ilikuwa ikilia.

"Ofisi ya shamba, nikusaidie?"

"Niunganishe na msichana wa gauni la manjano."

"Gauni limefuliwa. Amebaki wa sweta."

"Basi huyo wa sweta. Ndiye niliota usiku."

"Kipkurui, wewe ni mjinga."

"Mjinga wako, mpenzi."

Drusilla, aliyekuwa na ujauzito mkubwa, alikuwa akiguna na kuzungusha kiti. "Mnamaliza laini ya watu. Muoane tunyamaze."

Haikuwa rahisi hivyo. Bitutu alizaliwa Kedowa, wazazi wake wakiwa Wakisii waliokuja kulima. Mwaka wa tisini na mbili, wakati wa vita vya kikabila, nyumba yao ilichomwa. Kaka yake, Orina, alihamia Kisii na hakutaka kusikia habari ya mkwe Mkipsigis. Kipkurui alijua hayo. Jambo ambalo hakujua ni kwamba Bitutu alikuwa akisikia Kikipsigis neno kwa neno, kwa kuwa alikua akicheza na watoto wa majirani. Alikuwa akimfichia, amshangaze siku ya kwenda kwao Merigi.

Siku moja mwezi wa Septemba walikuwa wakiongea Kipkurui aliponong'ona ghafla, "Baba ameingia. Nakata, mpenzi."

Bitutu alisikia vidole vikigonga kibodi. Laini haikukatika. Alijua mara moja kilichotokea, kwa maana Kipkurui alishamwambia programu hiyo wakati mwingine huganda, na ikiganda simu haina kitufe kingine cha kuikata. Angeweza kuchomoa waya upande wake. Hakuchomoa.

"Ulikuwa unaongea na nani?" ilisema sauti nzito ya mzee, kwa Kikipsigis.

"Mteja, baba."

"Watu wanasema kuna msichana wa Kisii. Yule wa simu huko shambani."

"Hapana. Ni mteja tu. Hakuna kitu kati yetu."

"Vizuri, kwa sababu watu hao hawakai. Leo wako hapa, kesho wamefunga mizigo. Wiki ijayo tunaenda Soin. Kuna binti ya rafiki yangu, anaitwa Nelvine. Utamwona."

Kisha Kipkurui akasema, "Sawa, baba."

Bitutu alichomoa waya. Drusilla alipouliza kulikoni, alimweleza yote.

Tangu siku hiyo Kipkurui alipopiga, ni Drusilla aliyejibu: ameenda chai, yuko kwa meneja, hayuko. Kipkurui alikuja hadi getini mara mbili. Okello alitumwa kumwambia arudi alikotoka.

"Muulize basi," Drusilla alisema. "Huenda aliogopa tu."

"Nilisikia na masikio yangu. Ilimtoka bila hata kukwama."

Akampigia Orina, akamwambia yuko tayari kuchukua kazi aliyokuwa amemtafutia kule Kisii. Orina alifurahi. Barua ya kuacha kazi aliiandika siku hiyohiyo, na mwisho wa mwezi angeondoka.

Zilikuwa zimebaki siku chache mvua ya mawe ilipoanguka. Ilianza mchana, mbingu ikawa nyeusi, kisha mabati yakapigwa hata watu hawakusikizana. Majani ya chai yalichanika, miti ikaanguka juu ya nyaya. Stima ikapotea. Bitutu alijaribu laini ya kwanza, ya pili, zote. Zimekufa.

"Bitutu," Drusilla aliita kwa sauti ndogo. Alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Miguuni pake kulikuwa na damu.

Zahanati ya shamba ilikuwa karibu, lakini daktari alikuwa amekwenda mkutanoni mjini na ambulensi ndiyo iliyompeleka. Muuguzi, mama mmoja aitwaye Bilhah, alimlaza Drusilla, akamtazama, akamvuta Bitutu pembeni.

"Mimi peke yangu siwezi. Daktari ana simu ya mkononi. Mtafute kwa njia yoyote. Tusichelewe."

Bitutu alivua viatu akakimbia. Alipita katikati ya chai iliyochanwachanwa, barafu ikimchoma nyayo, akateremka hadi sokoni. Hakufikiria atasema nini. Alisukuma mlango wa kibanda, na Kipkurui akainuka kama aliyeona mzimu. Kwenye kiti cha pembeni alikuwa amekaa mzee mwenye kofia ya sufu na koti refu, aliyejificha mvua.

"Drusilla anavuja damu. Nataka kupiga simu."

Kipkurui hakuuliza la pili. Alifungua laptop. "Stima hakuna, betri ni ya kuchechemea. Namba?"

Bitutu aliitaja bila kufikiri. Alikuwa ameiunganisha mara elfu. Kipkurui aliandika. Simu iliita, ikaita, ikanyamaza.

"Tena."

Mara hii daktari alishika, lakini sauti yake ilikuwa vipande vipande. "Nani... sikusi..."

"Netiweki," Kipkurui alisema. "Twende nje."

Akabeba laptop kifuani, akaifunika kwa koti lake, naye Bitutu akaenda ubavuni na simu, waya ukiwafunga pamoja. Kwenye skrini alama nyekundu ya betri ilianza kuwaka na kuzima. Kipkurui alibonyeza. Hakuna kitu.

"Imeganda," alisema, na uso wake ukabadilika. "Ngoja. Naiua programu, naianzisha upya."

"Kipkurui, harakisha!"

"Naharakisha, mama, naharakisha."

Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, akakosea, akafuta, akaandika tena. Simu ikaita.

"Daktari! Ni Bitutu wa ofisini! Drusilla anavuja damu, mtoto bado. Bilhah yuko naye, anasema haraka!"

"Nimekusikia," sauti ilisema, safi kabisa. "Mwambie amlaze kwa ubavu, asimwache hata kidogo. Tunatoka sasa hivi."

Skrini ikazimika. Wote wawili walibaki wamesimama mvuani, waya bado uko kati yao.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza kwa Kikipsigis, "Huyu ni nani?"

Bitutu alimwangalia Kipkurui.

"Ni Bitutu, baba. Nilikudanganya kwamba ni mteja. Ndiye nataka kuoa, kama bado atanikubali. Soin sitaenda."

Kabla mzee hajajibu, Bitutu alimsalimu kwa Kikipsigis kilekile, "Chamgei, baba. Siku ile simu haikukatika. Niliwasikia."

Kipkurui alifumba macho. Mzee alishika fremu ya mlango.

"Ulisikia yote? Hata niliyosema juu ya watu wenu?"

"Hata hayo. Mimi nilizaliwa Kedowa. Nyumba yetu ilipochomwa, jirani yetu Chepngeno alituficha kwenye ghala lake la mahindi. Sisi hatukufunga mizigo kwa kupenda, baba."

Mzee alitazama miguu mitupu ya Bitutu, iliyokuwa imevimba na kuchubuka. Kisha akavua koti lake refu, akamwekea mabegani.

"Sitakwambia nimefurahi," alisema. "Bado sijui. Kipkurui, mpeleke kwa mwenzake. Mambo yakitulia, umlete nyumbani mama yako amwone. Msichana aliyenisikia nikisema maneno kama yale anastahili kunisikia nikisema mengine."

Walipanda mlima hadi katikati ya chai.

"Ulinikana," Bitutu alisema.

"Nilikukana. Nilimwogopa. Hakuna siku nimelala vizuri tangu hapo."

"Nelvine wa Soin je?"

"Sikumwona. Nilijifanya mgonjwa. Hapo pia niliogopa."

Bitutu alitaka kucheka, akajizuia. Ambulensi iliwapita ikipiga honi, ikarusha tope hadi viunoni mwao.

Drusilla alijifungua salama jioni hiyo, mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti.

Kesho yake nyaya za simu zilikuwa bado chini. Bitutu alikuja kibandani, stima ikiwa imerudi, akamwomba Kipkurui ampigie kaka yake. Kipkurui aliandika namba, akampa simu, akataka kutoka nje.

"Kaa," Bitutu alisema.

"Orina? Ni mimi. Siji tena Kisii."

"Kwa nini? Kuna nini huko? Bitutu, kuna mtu?"

Ndipo alipojua jinsi ilivyo rahisi kusema hapana. Jibu lilikuwa tayari mdomoni: hakuna mtu, ni mambo ya kazi tu. Alinyoosha mkono akashika wa Kipkurui, ambao ulikuwa baridi kama wake.

"Kuna mtu," alisema. "Anaitwa Kipkurui. Wa Merigi."

Alisikia kaka yake akipumua. Bitutu alibana simu sikioni, akangoja.