Jino la Shemeji

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta rafiki yangu, fundi wa magari, na mpaka leo hataki kusikia habari za giaboksi.

Alikuwa amembadilishia shemeji yake injini, giaboksi akaiacha ileile ya zamani. Ikabaki kasoro moja: gari likishika kasi, konveta, lile bakuli la chuma lenye mafuta kati ya injini na giaboksi, inajifunga na kugoma kuachia. Tena ndani yake kulikuwa na kitu kidogo kinagonga: kocho, kocho.

Wakaenda kulijaribu barabarani, fundi akiendesha. Shemeji alikuwa anacheka, jino lake la fedha linameta.

"Fundi, umesahau nati humo ndani?"

"Konveta imechomelewa kiwandani, shemeji. Hata sindano haipenyi."

Kabla ya handaki la barabara fundi akasimama, akauchomoa waya unaoifungia konveta. Bila waya ule haiwezi kujifunga. Wakaingia; humo taa zote zilikuwa zimekufa. Gizani konveta ikajifunga kwa kishindo.

"Simamisha, bwana!"

"Nimekanyaga breki mpaka mwisho, haiachii!"

Gari likabamiza ukuta. Shemeji akapasuka uso kwenye dashibodi, damu ikajaa mdomoni. Injini ikazima. Kukawa kimya kabisa, isipokuwa chini ya miguu yao: kocho, kocho.

Jino la shemeji lilitafutwa gari zima, halikuonekana. Kesho yake rafiki yangu akaikata konveta kwa grenda. Mafuta meusi yakamwagika, na likadondoka jino la fedha, mzizi wake bado una nyama mbichi.