Kalamu Mkononi mwa Marehemu

Profesa alikuwa ameketi mezani, kalamu mkononi, kichwa kimelalia kitabu. Ungesema anasinzia, kama si miguu iliyokakamaa na kunyooka chini ya meza utadhani yuko kitandani.

"Nani alimwona kwanza?" Inspekta aliuliza.

"Mimi, niliporudi asubuhi hii," alijibu binti wa marehemu, muuguzi, bado yumo ndani ya sare ya zamu ya usiku.

"Funguo wanazo akina nani?"

"Mimi na huyu."

Huyu alikuwa mwanafunzi wa zamani wa profesa, anayeandika kitabu cha maisha ya mwalimu wake. Alisimama dirishani, kifua mbele.

"Amekufa kishujaa, afande. Kazini, kama wale wanafalsafa wa Kigiriki aliowasoma maisha yake yote."

Binti alimkata jicho. "Baba alizicheka hizo habari. Alisema waandishi waliokuja karne nyingi baadaye waliwatungia wale wazee vifo vya kuwafaa. Empedokle alijiona mungu, basi wakamtosa kwenye volkano, wakabakiza ndara moja."

Inspekta hakuijua ndara hiyo. Lakini kifo cha kutengenezwa alikijua, na kwa hilo alijiamini kupita kiasi, wala hakuona haya.

Daktari wa polisi alimnong'oneza. "Hana jeraha. Nadhani ni moyo. Ila damu imetuama mgongoni. Alifia chali, akahamishwa baada ya saa nyingi."

Macho ya askari yote yalimgeukia binti, kwa kuwa ndiye aliyeishi naye.

"Profesa aliweza kusoma bila miwani?" Inspekta alimuuliza.

"Thubutu! Hata mimi asingeniona."

Miwani haikuwapo mezani. Ilipatikana jikoni, chini ya sinki. Ndani ya kabati, nyuma ya sahani, palifichwa sufuria yenye sabuni iliyokaukia, upande mmoja unang'aa, mwingine mweusi tii.

Inspekta aliiweka mbele ya mwanafunzi. "Binti asingemweka kitabuni bila miwani. Wewe una funguo, na ulipita hapa kabla hajarudi. Ulimkuta wapi?"

"Mezani."

"Na sufuria ilijificha yenyewe?"

Kifua kilinywea. "Jikoni, sakafuni. Wa baridi, dodoki mkononi. Nikampakia kwenye kiti chake cha mezani, hiki chenye magurudumu, nikamleta hapa. Sikumuua, afande! Lakini ningeandikaje? Mtu mkubwa vile, kafa akisugua sufuria?"

"Ukampa kifo kinachofaa kitabu chako."

"Kinachomfaa yeye!"

"Na ndicho alichokufundisha ukikatae," alisema binti.

"Kuvuruga ushahidi ni kosa," Inspekta alisema. "Tutaondoka pamoja."

Binti aliichukua sufuria, akaikumbatia. "Niliiunguza mimi nikiwahi zamu. Nikamwambia aiache, nitaisugua nikirudi." Machozi yalimtiririka, lakini shingo haikuinama alipomgeukia mwanafunzi. "Andika hili. Baba yangu, profesa, alikufa akimsugulia mwanawe sufuria. Andika hivyohivyo, na usiongeze neno."