Sahani ya Mwisho ya Shoto

Kitendawili! Mapacha wawili weusi tii, hata mama yao hawatofautishi. Watie motoni, mmoja atatoka buluu, mwenziwe zambarau. Haya, jibu. Umeshindwa? Usinipe mji, sina pa kuuweka. Kaa nikusimulie, jibu utaliokota njiani.

Sahani ilikuwa juu ya meza, bado ina joto la tanuri. Ua moja kubwa katikati, majani yamezunguka ukingo, yote rangi ya zambarau. Wachoraji wa karakana walikuwa wameizunguka kama watu waliofika msibani wakakuta maiti si wa kwao.

"Hii si yake," alisema Madamu, mwenye karakana. "Ua la Shoto ni buluu, Inspekta. Hii kaichora mtu mwingine. Ya kwake imeibwa."

Shoto alikuwa mchoraji wa vyombo: sahani, mabakuli, vikombe. Moyo ulimsimama ghafla, akafariki, akaacha sahani moja ameshaichora lakini haijaingia motoni. Hoteli moja kubwa ilikuwa inaisubiri, iwe mfano wa vyombo vyake vyote.

Inspekta aliinama kuitazama. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno. Mfuko wa koti lake ulikuwa umefumuka, uzi unaning'inia.

"Nani aliiingiza tanurini?"

"Mimi, afande," alisema fundi wa tanuri. "Nilipewa na yule mchoraji Kimya, nikaipanga na wenzake. Ikiwa mbichi sijui buluu wala zambarau. Rangi hizo mbili, kabla ya moto, zote ni masizi."

"Wewe unachora?"

"Mimi? Hata sahihi yangu benki wanaikataa."

Mama Chai, mfagizi wa pale, alipita na sinia. "Chukua chai, mwanangu. Na huo uzi mfukoni? Mkeo haoni koti linafumuka?"

Inspekta alipokea kikombe. "Asante, mama."

"Nimekuuliza habari ya uzi."

"Chai nzuri sana."

"Hujaionja!"

Watu wakacheka. Inspekta akanywa, akaenda zake kwenye meza ya wachoraji.

Meza ilikuwa na viti viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili. Kiti cha Shoto kilikuwa bado na mto wake, umebonyea katikati. Mbele yake, makopo mawili ya poda nyeusi, moja kushoto, moja kulia. Hayakuandikwa kitu.

Inspekta alimwita aliyekaa kiti cha jirani na Shoto. Wenzake walimwita Kidoti.

"Ulikaa ubavuni mwake?"

"Tukigongana viwiko siku nzima. Yeye wa mashoto, mimi wa kulia. Nikimtukana ananichorea masharubu kwenye kikombe changu."

"Makopo haya, buluu ni lipi?"

"La kushoto. Aliliweka penye mkono wake. Buluu hiyo alijichanganyia mwenyewe, dukani huipati. La kulia ni zambarau, halikuguswa mara kwa mara."

"Ungetaka kumwiga usigundulike, ungechukua lipi?"

"La kushoto, si nimekwambia? Ila majani yale siyawezi. Mimi ni wa vidoti tu, ndiyo maana wananiita Kidoti, na mwili wenyewe huu kama kabati."

Inspekta hakucheka. Aliinamisha jicho mpaka usawa wa meza. Kifuniko cha kopo la kushoto kilikuwa na vumbi, halijafunguliwa tangu mwenyewe afariki. Cha kulia kilikuwa kisafi.

Basi mtu alitaka buluu ya Shoto, akafungua kopo la kulia kwa uhakika wote.

Inspekta alizunguka meza, akaketi kwenye kile kiti cha upande wa pili. Kutoka pale, kopo la buluu lilikuwa kulia.

Alikaa pale kupita kiasi cha haja. Mbele yake kilikuwa kiti kitupu, na kiti kitupu alikijua vizuri. Kwake kipo kimoja, hakisogezwi.

"Niitie mwenye kiti hiki," alisema.

Akaja Kimya, mchoraji wa makamo, vidole vyeusi kwa rangi.

"Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu karakana ifunguliwe."

"Ukimtazama Shoto."

"Ukikaa mbele ya mtu utatazama wapi, afande?"

"Fundi wa tanuri hachori. Kidoti angefungua kopo la kushoto. Aliyefungua la kulia ni aliyezoea kuliona la buluu kulia." Inspekta aligonga meza kwa kidole. "Kutoka hapa."

Kimya alikitazama kiti cha Shoto.

"Sikufikiri," alisema. "Nilipoketi pale mkono ulikwenda wenyewe. Macho yangu yalikuwa mbele. Ndipo nilipoona alichokuwa anakiona yeye kila siku. Kiti changu."

"Sahani yake iko wapi?"

"Nyumbani."

Walikwenda watatu, Madamu nyuma yao akihema kwa hasira. Kilikuwa chumba kimoja: kitanda, jiko, kikombe kimoja, kiti kimoja. Juu ya meza, ndani ya kitambaa cheupe, ilikuwapo sahani ya Shoto, ua lake bado jeusi.

"Usiiguse, afande. Ukipitisha kidole, rangi inatoka kama vumbi."

Inspekta akaona. Kwenye ukingo, kati ya jani na jani, palikuwa na alama ya dole gumba. Mistari yake yote ilihesabika.

"Kwa nini, Kimya?"

"Madamu aliniambia nilifute hilo dole kabla sijaipeleka tanurini. Alisema hoteli hawatapokea uchafu. Nikalowesha kitambaa. Mkono ukakataa. Picha yake sina. Hata leso yake sina. Mtu nimekaa naye umri wote, maneno yetu ni 'nipe brashi', 'shika brashi'. Amebakiza dole, halafu mimi ndiye wa kulifuta? Nikachora nyingine usiku mmoja, nikaipeleka hiyo."

"Yeye alijua uliyonayo moyoni?"

"Nilikuwa nangoja ainue uso nimwambie. Shoto akichora hainui uso."

Madamu alikuwa amesimama mlangoni. Hasira imemtoka, hana pa kuweka mikono. "Mbona hukuniambia?"

"Ulisema uchafu, Madamu."

Madamu alimgeukia Inspekta. "Sasa itakuwaje? Ifutwe?"

"Kazi yangu yote ni kutafuta alama za vidole," alisema Inspekta. "Sijawahi kufuta hata moja. Nikiichukua hii kama kielelezo, haiguswi na mtu."

Madamu aliinamia sahani. Akaleta dole gumba lake karibu na lile la Shoto, asiliguse, kama anayepima.

"Ikichomwa na dole lake," aliuliza polepole, "litatokaje?"

"Buluu," alisema Kimya.

"Basi ichomwe hivyo hivyo. Hoteli wataiga ua, dole si lao. Ikitoka itakaa mezani petu, upande wa Shoto, uwe unaiona." Akakohoa. "Inspekta, malalamiko yangu yalikuwa ya sahani. Sahani nimeiona. Nayaondoa." Akatoka haraka, kitambaa usoni.

Inspekta alibaki kuandika maelezo. Aliketi kwenye kiti kile kimoja, Kimya akakaa kitandani. Kalamu ilikwaruza, ikasimama.

"Afande," alisema Kimya, "Mama Chai alikuuliza habari ya uzi. Hukumjibu."

Inspekta aliushika ule uzi kwa vidole viwili, taratibu, asiuvute.

"Mfuko huu aliushona mke wangu, kabla hajalazwa hospitali, asirudi," alisema. "Nikimpa mtu aushone upya, ataanza kwa kuukata uzi wake."